Kuyatambua Mawazo Yako Bila Kuburutwa Nayo: Maswali na Majibu

Umakinifu wa akili ni nini hasa?

Ni kuielekeza akili kwenye kinachotokea sasa hivi, iwe pumzi, sauti au maji yanayopita mikononi unaponawa, na kukitambua kilivyo kabla ya kukihukumu. Mizizi yake imo katika tafakuri ya Kibuddha. Mwaka 1979, Jon Kabat-Zinn alianzisha katika Chuo Kikuu cha Massachusetts, Marekani, mafunzo yasiyofungamana na dini yoyote kwa wagonjwa wenye maumivu sugu na msongo wa mawazo. Mafunzo hayo huchukua wiki 8.

Kila nikitulia, mawazo hunivamia. Je, nimeshindwa?

Hujashindwa. Swali hili linanigusa sana, kwa sababu wengi huacha mazoezi siku ya pili wakiamini akili zao zina kasoro. Watafiti Matthew Killingsworth na Daniel Gilbert, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2010, waliwauliza watu wazima 2,250 kupitia simu zao, kwa nyakati za kushtukiza, walikuwa wakifanya nini na wakiwaza nini. Karibu asilimia 47 ya majibu yalionyesha kwamba mawazo yalikuwa mbali na kazi iliyokuwa mkononi. Akili ndivyo ilivyo: hutangatanga.

Ile sekunde unayogundua, "kumbe nimeshaondoka," ndiyo zoezi lenyewe. Ukiondoka na kurudi mara 30 ndani ya dakika 5, umefanya zoezi mara 30. Rudi kwa upole, kama unavyomshika mkono mtoto anayejifunza kutembea akipotea njia. Ukijikaripia, umeongeza wazo jingine juu ya lile la kwanza.

Si afadhali kuyafukuza mawazo mabaya?

Inaonekana hivyo, lakini wazo linalofukuzwa hurudi. Mwaka 1987, mwanasaikolojia Daniel Wegner na wenzake waliwaambia watu wasimfikirie dubu mweupe, na kila akiwajia akilini wapige kengele. Kengele zililia. Baadaye, waliporuhusiwa kumfikiria, walimfikiria zaidi kuliko wale walioruhusiwa tangu mwanzo.

Badala ya kulifukuza, lipe wazo jina: "Huu ni wasiwasi," au "Hapa napanga mambo ya kesho." Sikiliza pia unavyojisemesha. "Mimi ni wa kushindwa tu" ni hukumu. "Nina wazo linaloniambia nitashindwa" ni taarifa, na taarifa unaweza kuichunguza kama ni ya kweli.

Nianzeje?

Kaa wima bila kujikaza. Fumba macho, au yaache wazi ukitazama chini. Fuata pumzi pale unapoihisi zaidi, puani, kifuani au tumboni, wala usijaribu kuibadilisha. Dakika 3 hadi 5 zinatosha kwa kuanzia, na ni afadhali kila siku kidogo kuliko saa nzima mara moja kwa mwezi. Ukisinzia, simama au tembea polepole ukihisi nyayo zikigusa ardhi.

Je, mazoezi haya yanaweza kuchukua nafasi ya dawa za sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito?

Usiamue peke yako. Ipo tiba ya mazungumzo inayotumia umakinifu, iliyobuniwa kuzuia sonona isirudi kwa watu waliokwisha kuugua mara kadhaa. Katika utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2015, watu 424 wa aina hiyo walifuatiliwa kwa miaka 2. Sonona iliwarudia asilimia 44 ya waliopata tiba hiyo huku wakisaidiwa kupunguza au kuacha dawa, na asilimia 47 ya walioendelea na dawa. Tofauti hiyo ni ndogo mno kusema njia moja imeishinda nyingine. Tena waliopunguza dawa walifanya hivyo kwa usimamizi. Kuacha ghafla kunaweza kuleta kizunguzungu, kukosa usingizi, na ugonjwa kurudi.

Kuna anayepaswa kuwa mwangalifu?

Ndiyo. Aliyepitia tukio la kutisha, kama ajali au ukatili, anaweza kukuta kumbukumbu zinamfurika anapofumba macho. Anayesikia sauti wasizozisikia wengine naye asianze vipindi virefu bila mtaalamu. Hofu ikipanda katikati ya zoezi, acha. Fumbua macho, kanyaga sakafu kwa nguvu, taja vitu vitano unavyoviona. Na kama mawazo yanayokujia ni ya kujidhuru, usikae nayo peke yako ukiyatazama: mwambie mtu unayemwamini leo hii, na muende pamoja hospitalini.