Je, Wito wa Mungu ni wa Wachungaji Peke Yao?

Wakristo wengi, hapa Malindi na kwingineko, wamezoea kuamini kwamba "aliyeitwa" ni mchungaji, padre, mtawa au mwinjilisti, na kwamba muumini mwingine hana budi kungoja ndoto au sauti ndipo aujue wito wake. Imani hiyo ina chimbuko, kwani Samweli aliitwa usiku kwa sauti, na Musa kutoka katika kijiti kilichowaka moto.

Hata hivyo, kitabu cha Kutoka, sura ya 31, chasimulia kwamba Mungu alimjaza fundi Bezaleli roho yake ili afanye kazi ya dhahabu, fedha, shaba, vito na mbao. Naye Paulo, kwa mujibu wa Matendo 18:3, alikuwa fundi wa mahema. Dorkasi, mwanamke muumini anayetajwa katika Matendo 9, alipofariki, wajane walionyesha kanzu alizowashonea. (Binafsi, kisa hicho hunikumbusha fundi cherehani wa barazani, anayepima kitambaa cha sare mara mbili kabla ya kutia mkasi, asije akamtia mzazi hasara.)

Msomaji aweza kuhakikisha mwenyewe: asome sura nzima badala ya aya moja iliyonukuliwa mimbarani, kisha atafute "kuitwa" na "walioitwa" katika itifaki ya Biblia, yaani orodha ya maneno ya Biblia na aya yanamopatikana, ambako ataona, kwa mfano katika Warumi 1:6-7, kwamba wanaoambiwa ni waumini wote wa mji wa Roma. Kuhusu karama yake, awaulize wanaomfahamu kazini na nyumbani ni msaada gani huja kuutafuta kwake.