Reni kifua cheupe: kandege ka gramu 15 kenye nyumba mbili

Wanaotuuliza maswali hapa kitengo cha ndege wengi wanataka tai, mbuni, korongo, basi leo acha niwaletee kandege ambako hata ukienda kwao unaweza ukakaa siku nzima hujakaona ila masikio yako yameshakachoka. Ni reni kifua cheupe (kwa Kiingereza white-breasted wood wren), anaishi misitu minyevu ya nyanda za chini kuanzia Mexico mpaka Peru na kaskazini mwa Brazil. Huku kwetu msimtafute, ukoo mzima wa reni uko Amerika, isipokuwa spishi moja tu ambayo ipo mpaka Ulaya, Asia na kaskazini mwa Afrika.

Urefu ni sentimita 10 au 11. Mgongo kahawia, kifua cheupe pee, mashavu yana michirizi myeusi na myeupe, na kamkia kafupi kamebinuka juu muda wote utadhani antena ya redio. Anashinda chini kwenye vichaka na miti iliyoanguka akichokoa wadudu na buibui, na akipiga mluzi utasema huyu lazima ana ukubwa wa njiwa.

Mimi kinachonifurahisha ni hizo nyumba. Ya kuzalia inafichwa karibu na ardhi, imeviringwa kama mpira na kuezekwa kabisa, ukuta mnene, mlango ubavuni, humo jike anataga mayai mawili meupe na anaatamia peke yake kama wiki mbili hivi. Ya kulala iko juu zaidi na imejengwa kiwepesiwepesi tu, na watoto wakishatoka kwenye kiota jioni wazazi wanawapeleka wakalale huko, yaani chumba cha kulala kabisa!

Sasa shida yake ni mbawa. Ni fupi, za mviringo, zinamtosha kuchupa kichaka hadi kichaka basi. Kule Panama walipozuia Mto Chagres kwa ajili ya Mfereji wa Panama, likajaa ziwa jipya la kutengenezwa, Ziwa Gatún, na kufikia 1914 kilima kimoja kikabaki kisiwa, Barro Colorado, kama hekta 1,500. Tangu 1923 ni hifadhi na msitu upo, lakini reni kifua cheupe akatoweka hapo. Miaka ya 1970 watafiti wakawarudisha wachache, wakazaliana kidogo halafu wakaisha tena, na wa kuja kuziba pengo hakuna, maana ziwa limekaa katikati. Kwenye ziwa hilohilo watafiti walibeba ndege mbalimbali wa msituni kwa boti wakawaachia juu ya maji waone watafika wapi, matokeo yakatoka 2008, na kuna aina ambazo hata mita 100 ziliwashinda. Kutoka kisiwani hadi ng'ambo, pale palipo karibu, ni mita mia chache tu.