Gemu ya Zamani Ina Mwenyewe: Dhana Potofu Nilizochoka Kuzisikia

Kazi yangu ni kufungua mashine za gemu, pedi na kompyuta hapa mjini Unguja. Haipiti wiki bila ya mtu kusimama mbele ya meza, akatoa memori kadi mfukoni na kuniambia: "Fundi, nitilie za zamani zote. Si hazina mwenyewe hizo?" Nikimjibu kwamba sitii, huniona mchoyo, na wengine huondoka wakinung'unika kuwa fundi wa pili hana maneno mengi. Leo nayaandika yote mara moja. Anayekuja nimpe asome, na mimi niendelee kulehemu.

"Gemu ya zamani haina mwenyewe"

Hii ndiyo inayonikera kuliko zote, kwa hiyo hapa nitakaa.

Mashine kuacha kutengenezwa na hakimiliki kumalizika ni mambo mawili mbalimbali. Mkataba wa Berne, ambao Tanzania imo tangu 1994, unaweka kima cha chini kuwa uhai wa mtunzi pamoja na miaka 50 baada ya kufa kwake, na nchi nyingi zimeongeza juu ya hapo. Kwa sheria ya Marekani, kazi iliyotengenezwa kwa ajili ya kampuni hulindwa miaka 95 tangu ilipotolewa. Super Mario Bros. ilitoka 1985. Piga hesabu utafika 2080, na kijana aliyeniletea memori kadi jana atakuwa mzee wa mkongojo.

Hapo huja hoja ya pili: "Lakini kampuni yenyewe imekufa." Kampuni ikifa mali yake haifukiwi nayo, hununuliwa. Wale waliocheza kaseti za "gemu mia kwa moja" wanaikumbuka gemu ya jamaa mwenye kofia nyeupe, anayerusha mashoka na kupanda ubao wa magurudumu. Hiyo ni Adventure Island ya Hudson Soft. Hudson leo haipo, ilimezwa na kampuni ya Konami mwaka 2012, na gemu zake zikaenda huko huko. Double Dragon ilikuwa ya Technos Japan, kampuni iliyofilisika miaka ya tisini, na tangu 2015 haki zake zimo mikononi mwa Arc System Works. Data East ilianguka 2003, gemu zake nyingi zikachukuliwa na G-Mode. Ama Contra, ambayo kila mtu wa rika langu ataapa kuwa imesahaulika, Konami wenyewe waliirudisha sokoni mwaka 2019 ndani ya mkusanyo mzima. Kwa hiyo mtu ananiambia haina mwenyewe, na mwenyewe anaiuza.

Wapo wanaoniletea na dini. Wanasema hii ni sawa na mali ya kuokota. Mimi si sheikh, lakini hata sisi tuliopita chuoni mbiombio tunajua kwamba luqata ina masharti yake. Hutangazwa mwaka mzima, na mwenyewe akitokea hurudishiwa. Hapa nani kapotea? Jina la mwenye mali limeandikwa kwenye skrini ya mwanzo, na mwaka pembeni. Tena suala hili wanazuoni walishalikalia kitako: Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Kuwait mwaka 1988, lilipitisha azimio kwamba haki za utunzi na uvumbuzi ni haki zenye thamani ya mali, na haijuzu kuzivamia. Halikusema "isipokuwa za Wajapani" wala "isipokuwa za matajiri". Mwenye kutaka kubishana na hilo asibishane na mimi niliyeshika bisibisi.

Nikishasema hayo, nayo haki isemwe. Wenye mali nao wana makosa yao, na si madogo. Mwaka 2023 taasisi ya Video Game History Foundation ilitoa utafiti ulioonesha kuwa asilimia 87 ya gemu za zamani zilizotoka Marekani hazipatikani tena kwa njia ya kununua. Machi ya mwaka huohuo Nintendo walilifunga duka la mtandaoni la mashine zao za 3DS na Wii U, na gemu zilizokuwa zikiuzwa humo tu zikakosa pa kununuliwa. Oktoba 2024 Ofisi ya Hakimiliki ya Marekani ilikataa ombi la kuruhusu maktaba ziwafungulie watafiti gemu za zamani kwa njia ya mtandao. Mtu wa Chake Chake mwenye pesa taslimu mkononi anataka kununua kwa halali, na hana pa kuzipeleka. Anayekalia mali asiiuze wala asiiache ihifadhiwe, simuonei huruma sana. Chipu za kaseti huchoka na diski huharibika. Kama si watu waliozinakili bila ya ruhusa ya mtu, gemu nyingi zingekuwa zimeshapotea duniani.

Lakini malalamiko ya haki hayageuzi mali ya mtu kuwa ya bure. Kwangu mimi mpaka uko hapa. Gemu inayouzwa leo, inunue. Mara nyingi bei yake haifiki hata ya pedi mpya. Gemu isiyouzwa popote duniani, ukaicheza chumbani kwako, sheria itabaki palepale lakini mimi sitasimama kukuhutubia. Gemu hiyohiyo ukiijaza kwenye kadi na kuiuza, au ukaiweka bandani na kutoza watoto kwa kila mchezo, umeshafungua duka kwa bidhaa ya mwenzako.

Na hapa ndipo ninapokasirika khasa. Vile vijimashine vya mkononi vinavyoletwa kutoka China, vimeandikwa "gemu elfu kumi" juu ya boksi, vinauzwa mjini kila pembe. Hakuna hata gemu moja kati ya hizo elfu kumi iliyolipiwa. Watu hao hao wanaonunua huniambia emuleta, yaani programu inayoiga mashine ya gemu, inawasaidia watunzi wakumbukwe. Wanakumbukwaje, na mara nyingi jina la mtunzi limefutwa hata kwenye skrini ya mwanzo? Kimashine chenyewe sina ugomvi nacho, vingine vina skrini nzuri sana. Ukishanunua, itoe ile kadi iliyokuja nacho, maana huwa ni ya mwisho wa ubovu na itakufia, utie kadi mpya tupu, kisha weka humo kilicho chako.

"Emuleta yenyewe ni haramu"

Sivyo. Emuleta ni programu inayoiga kazi ya mashine, na kuiga kazi ya mashine si wizi. Sony waliwahi kuwashitaki Connectix, waliotengeneza programu ya kuchezea gemu za PlayStation kwenye kompyuta za Mac. Mwaka 2000 mahakama ya rufaa ya Marekani iliamua kwamba hata kuinakili BIOS, programu ya ndani inayoiwasha mashine, kwa ajili ya kuichunguza, ili utengeneze programu yako mwenyewe, kunakubalika. Baadaye Sony wakainunua programu ile na kuiweka kabatini. Kinachonichekesha ni kwamba mwaka 2018 Sony haohao walitoa kimashine cha PlayStation Classic, na ndani yake waliweka PCSX ReARMed, emuleta ya bure iliyoandikwa na watu wa nje. Kama ni haramu, basi mwenye mashine mwenyewe kaila.

Kilicho na mwenyewe ni BIOS na romu, yaani faili la gemu lililonakiliwa kutoka kwenye kaseti. Emuleta nyingi za PlayStation ya kwanza hukuomba BIOS, na hiyo ni mali ya Sony. Itoe kwenye mashine yako, au tumia emuleta zilizojiandikia ya kwao.

Na wale wanaoniambia kuwa "tangu kesi ya Yuzu emuleta zote zimepigwa marufuku": hapana. Yuzu ilikuwa emuleta ya Switch, mashine ya Nintendo iliyokuwa bado inauzwa madukani, na malalamiko ya Nintendo yalihusu kuvunja kufuli za gemu zake. Pande mbili zilimalizana Machi 2024 kwa dola milioni 2.4 bila ya kesi kusikilizwa mpaka mwisho. Gemu mpya ya mashine mpya ni shauri jengine kabisa, na anayeniuliza "ya zamani" huku ananionesha gemu iliyotoka mwaka jana anajua anachokifanya.

"Ukiipakua ukaifuta ndani ya saa 24 si kosa"

Hapana sheria hiyo. Haipo Zanzibar, haipo Bara, haipo Marekani, haipo Japani. Iliandikwa na wenye tovuti za romu ili wajikinge, na watu wakaibeba mpaka kwenye meza yangu. Tena sijapata kumuona aliyefuta.

"Ninayo kaseti yake, kwa hiyo nakala yoyote ni yangu"

Hii ina ukweli nusu. Kunakili kaseti yako mwenyewe kwa matumizi yako ndiyo njia safi kuliko zote, ingawa sheria za nchi hazilingani juu yake. Kuchukua nakala ya mtu mwengine mtandaoni kwa hoja kwamba na wewe unayo kama hiyo ni jambo ambalo sheria haikukupa.

Lakini tuulizane kwanza: ni kaseti gani hiyo? Kaseti nyingi zilizofika visiwani humu na mashine zao zilikuwa bandia tangu kiwandani. Nikiifungua naona ubao mwembamba na tone jeusi la gundi juu ya chipu, hapana jina la Nintendo wala la mtu yeyote. Ukimiliki hiyo umemiliki plastiki.

Mwenye kaseti ya asili anisikilize, maana hapa ndipo watu wanapoharibu. Acheni kupuliza. Pumzi ina unyevu, na hewa yetu ya chumvi inatosha peke yake kuzitia kutu ya kijani zile pini. Chukua kijiti cha pamba, kichovye kwenye spiriti, sugua pini taratibu mpaka pamba itoke safi, acha ikauke kabla ya kuirudisha. Kaseti zinazohifadhi hatua za mchezo nyingi zina betri ndani, mara nyingi CR2032, na ikifa au ukiitoa kwa pupa, hatua zote zimekwenda. Toa nakala ya hatua kwanza kwa kifaa cha kusomea kaseti, ndipo uguse betri. Diski za PlayStation ya kwanza ni rahisi zaidi, draivu ya kawaida ya CD kwenye kompyuta inazisoma. Nazo zinakili sasa, usingoje zipate mikwaruzo. Kazi hiyo ukiniletea diski ya asili ninakufanyia, na nakala inakwenda kwenye kifaa chako, haibaki kwangu.

"Huku Zanzibar hapana sheria ya mambo hayo"

Ipo. Zanzibar ina Sheria yake ya Hakimiliki ya mwaka 2003, na ina COSOZA, taasisi yake ya kusimamia hakimiliki, mbali na COSOTA ya Bara. Kwamba hujamuona mtu kushikwa kwa ajili ya Mario ni kweli, nami sidhani kama utamuona karibuni. Kutoshikwa na kuwa na haki ni mambo mawili, na msanii wa taarabu anayelia kwamba nyimbo zake zinauzwa kwenye flashi pale sokoni atakueleza tofauti yake vizuri kuliko mimi. Ajabu ni kwamba wateja wangu humuonea huruma yule wa taarabu.

"Emuleta zinaua simu"

Emuleta haiui simu. Kinachoiua ni kile ulichokipakua ukidhani ni gemu. Romu ya Super Mario Bros. ni kilobaiti 40, ndogo kuliko picha unayopiga kwa simu. Kaseti za kawaida za Game Boy Advance, mashine ya mkononi ya Nintendo, hazikuzidi megabaiti 32. Romu haijifungui yenyewe, husomwa na emuleta. Kwa hiyo faili lililoandikwa Mario likiwa na megabaiti 60, jina lake likaishia na exe au apk (alama za programu ya kompyuta au ya simu), na likakuomba ruhusa ya kusoma ujumbe wako, hiyo si gemu. Na ukishaliingiza, usije kwangu ukasema emuleta ndiyo iliyokula salio lako.