Nyongo si kifuko tu: tunayokosea kuhusu mirija iliyo ndani ya ini

Neno lenyewe ndilo linalotupoteza. Nyongo ni yale majimaji machungu ya kijani, na nyongo ni kile kifuko kinachoyabeba. Aliyewahi kumpasua kuku anakumbuka alivyoonywa asikitoboe. Ndiyo maana mtu akiambiwa ana tatizo la nyongo hushika ubavu akitafuta kifuko, wala hafikirii kuwa ndani ya ini kuna mirija inayoweza kuugua huku kifuko kikiwa kizima kabisa.

"Nyongo hutengenezwa kwenye kifuko."
Kifuko ni ghala, tena dogo: hubeba mililita 30 hadi 50 hivi. Wanaotengeneza nyongo ni seli za ini, kiasi cha nusu lita hadi lita nzima kwa siku. Safari yake huanzia mahali padogo mno, kwenye mfereji ulio kati ya seli mbili zilizopakana. Mfereji huo hauna hata ukuta wake. Seli zenyewe ndizo ukuta. Kutoka hapo nyongo huingia kwenye vijirija, vijirija hukusanyikia kwenye mirija, mpaka inabaki miwili tu, wa kulia na wa kushoto, inayoungana inapotoka kwenye ini.

Chini ya hadubini, mrija wa nyongo hauonekani peke yake. Umeandamana na tawi la mshipa mkubwa uletao damu kutoka matumbo, na tawi la ateri ya ini. Damu inaingia, nyongo inatoka, zote kwa njia hiyo hiyo. Seli za ini hulishwa na mishipa yote miwili, ila mirija hutegemea ateri peke yake. Ndiyo sababu ateri ya ini lililopandikizwa ikiziba, mirija huwa ya kwanza kuumia. Na mirija si mabomba ya kupitisha tu: seli zinazoitanda kwa ndani huongeza maji na bikaboneti (chumvi inayopunguza asidi) kwenye nyongo inapopita.

"Nimeshatolewa kifuko, mawe basi."
Mawe ya nyongo huweza kubaki kwenye mirija, na mengine hujiunda humo humo, hata ndani ya ini. Homa ya kutetemeka, maumivu chini ya mbavu za kulia na macho ya manjano vikija pamoja, usisubiri kesho. Daktari Mfaransa Jean-Martin Charcot alizieleza dalili hizo tatu tangu karne ya 19. Ni usaha na vijidudu nyuma ya kizuizi kwenye mrija wa nyongo, na antibiotiki bila kuuzibua mrija mara nyingi hazitoshi.

"Macho ya manjano ni homa ya manjano."
Lugha tena. Homa ya manjano ni ugonjwa wa virusi unaoenezwa na mbu. Umanjano wa macho ni dalili tu, kwamba bilirubini, rangi ya manjano iliyomo kwenye nyongo, imejaa kwenye damu, na sababu zake ni nyingi. Choo na mkojo husaidia kuzitofautisha: njia ya nyongo ikiziba, mkojo huwa kama chai iliyokolea, na choo hupauka kama udongo wa mfinyanzi kwa sababu rangi yake ya kawaida hutokana na nyongo.

"Ini likiharibika, ni pombe."
Hii ndiyo inayoniudhi zaidi, kwa kuwa inamwongezea mgonjwa aibu juu ya ugonjwa. Upo ugonjwa uitwao kwa kifupi PBC (primary biliary cholangitis), ambao kinga ya mwili huigeukia mirija midogo ya ini na kuimaliza polepole. Takriban wagonjwa 9 kati ya 10 ni wanawake, na chanzo chake si pombe. Mpaka 2015 jina lake lilikuwa na neno sirosisi, yaani ini lililojaa makovu, ndani yake. Likabadilishwa, kwa sababu wengi hawana sirosisi na neno hilo liliwafanya waonekane walevi. Mara nyingi dalili zake ni uchovu na muwasho usio na upele, hasa viganjani na kwenye nyayo, unaozidi usiku. Mtu huhama kutoka krimu moja hadi nyingine wakati tatizo haliko kwenye ngozi. Dawa ya kwanza ni asidi ya ursodioksikoliki, na kipimo chake hufuata uzito wa mgonjwa.

"Ultrasaundi imetoka safi, mirija iko salama."
Ultrasaundi huona vizuri mirija iliyotanuka. Ile inayoliwa na PBC ni ya kuonekana kwa hadubini, kwa hiyo jibu hutafutwa kwenye damu: kimeng'enya cha ALP kilichopanda na kingamwili dhidi ya mitokondria, sehemu za seli zinazotengeneza nishati. Ndugu yake, ugonjwa wa PSC (primary sclerosing cholangitis), hushika pia mirija mikubwa, hubana hapa na kutanua pale, mpaka picha ya MRI ionekane kama shanga kwenye uzi. Wengi wa wagonjwa wa PSC wana pia ugonjwa wa vidonda kwenye utumbo mpana.

"Kichanga wa manjano ni wa kuota jua tu."
Vichanga wengi hupata umanjano siku za kwanza na ukaisha. Ukivuka wiki mbili, fungua nepi uangalie. Choo cheupe au cha kijivu kinaweza kumaanisha atresia ya mirija ya nyongo: mirija iliyo nje ya ini imeziba, na baadaye ile ya ndani huharibika pia. Daktari Mjapani Morio Kasai alibuni upasuaji wa kuliunganisha ini na utumbo moja kwa moja, na matokeo huwa bora zaidi ukifanywa kabla mtoto hajafikisha siku 60. Linalowachelewesha wazazi ni kwamba katika wiki za mwanzo mtoto huyu hunyonya, huongezeka uzito na huonekana mzima.