Cheo cha ghafla, na karani aliyejua tangu Jumatatu

Juzi nilikuwa dukani hapa Bombo nanunua sukari, binti mmoja wa jirani akanisalimu, halafu akashindwa kujizuia. Mume wake, luteni huko kaskazini, alikuwa amempigia simu usiku: amekuwa kapteni. "Ghafla tu, mzee. Hata yeye mwenyewe hajui imetoka wapi."

Nikampa hongera za dhati, nikalipa sukari yangu, nikatoka nikicheka. Sikumcheka yeye. Niliyekuwa namwona kichwani ni karani fulani, kwenye kikosi fulani, aliyekaa na jina la mumewe ndani ya droo siku kadhaa, wanapishana kwenye foleni ya posho na maharage, na hamwambii neno.

Mimi nilikuwa karani huyo. Nimestaafu sasa, lakini sehemu kubwa ya utumishi wangu UPDF, jeshi la Uganda, niliimaliza nyuma ya meza: mafaili, barua za likizo, orodha za kozi, na makaratasi ya vyeo. Watu huniuliza kuhusu vita. Vita nimeviona kidogo. Makaratasi ya vyeo nimeyaona mengi, na ninachoweza kuwaambia ni kwamba ghafla ni ya anayevishwa peke yake. Kwa wengine wote kwenye mstari ule ni kazi ya miezi, pengine miaka.

Jambo huanza chini. Kamanda wa kikosi anapendekeza majina. Karani anafungua faili la kila mmoja na kutazama: amekaa miaka mingapi kwenye cheo alichonacho? Amepita kozi gani? Kuna mashtaka ya nidhamu? Afya ikoje? Ofisa anayetaka kupanda huulizwa shule. Kabamba ndiko maofisa wengi huanzia ukadeti, Jinja kuna chuo cha maofisa wa chini, na Kimaka, hukohuko Jinja, ndicho chuo cha wakubwa. Mtu anaweza kuwa simba vitani, faili lake likawa halina karatasi ya kozi, na simba akabaki na nyota zake zilezile.

Halafu kuna kitu ambacho raia hawakifikirii kabisa: nafasi. Watanzania wana neno zuri, ikama. Kikosi kina sajini meja mmoja. Si wawili, hata kama mnao kumi wanaostahili. Nimewaona masajini wazuri wakisubiri mtu astaafu, ahamishwe, au, Mungu apishe mbali, afe. Mambo ya namna hiyo hayasemwi kwenye mesi, ila kila mtu anayajua.

Majina yakitoka kikosini yanapanda brigedi, divisheni, hadi makao makuu, na kuna bodi inayokaa kuyachambua. Kwa maofisa, mwenye neno la mwisho ni Rais, ambaye ni Amiri Jeshi Mkuu. Njia nzima ni ya siri, na siri hiyo si ya kujidai. Jina likikatwa juu baada ya mwenyewe kuambiwa "umo", umeshatengeneza askari mwenye kinyongo, naye ana bunduki. Ndiyo maana karani hafungui mdomo.

Kisha siku moja inakuja redio meseji. Msidhani ni redio ya muziki. Ni ujumbe wa mawasiliano ya jeshi, mfupi, mkavu, herufi kubwa tupu: namba, cheo cha zamani, jina, cheo kipya, tarehe ya kuanza. Hakuna "hongera" ndani yake. Nimewahi kushika karatasi ya namna hiyo yenye majina yaliyobadilisha maisha ya nyumba kadhaa, na ilikuwa na doa la chai pembeni.

Ngoja niwasimulie moja niliyoisimamia mwenyewe. Tulikuwa Karamoja. Jumatatu meseji ikaja: koplo mmoja wa kikosi chetu amekuwa sajini. Kamanda akaniita, akafunga mlango, akasema atamvisha Ijumaa mbele ya gwaride na hataki mtu ajue. Akanipa zile tepe mpya nizitunze. Niliziweka ndani ya faili la barua za mafuta, kwa sababu faili la mafuta hakuna anayelipenda.

Tatizo ni kwamba koplo yule alikuwa rafiki yangu. Chai ya asubuhi tulikunywa kikombe kimoja kwa zamu, vikombe vilikuwa haba. Jumanne akaniambia mkewe anataka waanze kujenga, yeye anaona mshahara hautoshi. Nikakohoa. Jumatano akaniuliza mbona siku hizi namkwepa. Alhamisi nilikunywa chai peke yangu.

Ijumaa kulinyesha alfajiri, uwanja ukawa tope jekundu linalonata kwenye buti. Baada ya kwata kamanda akapiga jina lake kwa sauti ya ukali. "Koplo! Mbele, mbio!" Akatoka mbio, akasimama, mkono kwenye paji la uso. Kamanda akamzunguka kama mtu anayekagua ng'ombe mnadani. "Unajua kosa lako?" "Hapana, afande!" "Unavaa nguo isiyo yako mbele ya gwaride langu!" Kimya. Niliona kidole chake gumba kinatetemeka kwenye mshono wa suruali. "Vua tepe hizo."

Akazivua. Mtu anayevua tepe zake mbele ya wenzake mia kadhaa hana hata nafasi ya kufikiri. Hapo kamanda akanyosha mkono nyuma bila kugeuka, nami nikaweka tepe tatu kwenye kiganja chake. "Nimesema si yako. Yako ni hii." Gwaride likalipuka. Yule bwana hakucheka. Alinitazama mimi, akatikisa kichwa taratibu, na siku tatu hakuninunulia hata pipi.

Mzaha huo si wa kamanda wetu peke yake, na mimi sina hakika kama naupenda. Kuna wanaouvumilia na kuna ambao moyo unabaki umepasuka hata baada ya kicheko.

Kosa kubwa la fani hii linatokana na majina. Majina ya Uganda yanarudiwa mno. Kwenye brigedi moja unaweza kuwa na Okello tisa na Mugisha saba, wawili kati yao jina la kwanza moja na cheo kimoja. Kwa hiyo askari halisi jeshini ni namba. Wasio na kamisheni namba zao huanza na RA, maofisa RO; namba ya Rais Museveni ni RO/00001. Askari wa chini akipewa kamisheni anatoka RA anaingia RO, na hapo ndipo makarani wazembe huzalisha misiba midogo: jina limehamia daftari jipya, daftari la mshahara bado linamtafuta mtu wa zamani. Unakuta luteni mpya, nyota zinang'aa, anakopa nauli kwa koplo.

Mimi mwenyewe yalinikuta. Meseji ya kunipandisha ilikuja na tarakimu moja ya namba yangu imekosewa. Jina langu, cheo changu, kikosi changu, namba ya mtu mwingine. Kwa sheria ya karatasi, aliyepandishwa hakuwepo duniani. Barua ya kuomba masahihisho niliipiga chapa mimi, nikaipeleka kwa kamanda kusaini mimi, nikaiandika kwenye daftari la barua zinazotoka mimi. Ilirudi baada ya miezi kumi na minne. Muda wote huo vijana walikuwa wananiita kwa cheo kipya, kwa heshima, na mimi navaa cha zamani. Kila mara nikisikia nilihisi kama nimevaa shati la mtu.

Sasa, msije mkasema mzee anatetea ofisi. Vyeo vya ghafla kwelikweli vimewahi kuwepo nchi hii, na tuliona matokeo yake.

Babu yangu alikuwa KAR, jeshi la Waafrika chini ya Waingereza, kama wazee wengi wa Kinubi hapa Bombo. Yeye ndiye alinifundisha kwamba neno "afande", ambalo kila askari wa Uganda analitamka mara mia kwa siku, lilikuja na askari wa Sudani waliomfuata Emin Pasha, likitokana na "efendi" ya Waturuki. Waingereza mwishoni mwa miaka ya 1950 walilifanya cheo rasmi, effendi, daraja la Mwafrika asiye ofisa kamili na asiye sajini. Idi Amin alipewa mwaka 1959. Mwaka 1961, uhuru uko mlangoni, yeye na Shaban Opolot wakawa Waganda wa kwanza kupewa kamisheni. Yaani mwaka mmoja kabla ya uhuru jeshi lilikuwa na maofisa wazalendo wawili tu. Lawama ya hapo mimi siwapi Amin wala Opolot. Nawapa waliokaa miaka sitini bila kumsomesha Mwafrika uongozi wa jeshi.

Tarehe 23 Januari 1964, siku tatu baada ya askari wa Tanganyika kuasi kambi ya Colito, wa Jinja nao waliasi. Walitaka mshahara, na walitaka maofisa weusi. Waziri Felix Onama alikwenda kuwatuliza, wakamshikilia. Waingereza waliitwa kuzima maasi, lakini mishahara ilipanda na vyeo vikaanza kugawanywa kwa kasi ambayo hakuna faili lingeweza kuifuata. Amin mwaka huohuo akawa naibu kamanda wa jeshi, 1966 kamanda, 1968 meja jenerali. Luteni wa 1961 alikuwa anaongoza jeshi zima ndani ya miaka mitano. Alipochukua nchi Januari 1971 naye akagawa kama alivyogawiwa. Isaac Maliyamungu, aliyekuwa mlinda geti wa kiwanda cha nguo Jinja, alifika brigedia. Mwenyewe Amin akajipa ufilidimasho, cheo cha juu kabisa, mwaka 1975, na hapo hakukuwa na karani wa kuuliza kozi.

Labda ndiyo sababu NRA, jeshi la msituni la Museveni, iliviogopa vyeo. Walioshambulia Kabamba tarehe 6 Februari 1981 na bunduki zao 27 hawakuwa na mameja wala makanali wa kujitangaza. Mtu alijulikana kwa kazi aliyopewa. Vyeo rasmi vilikuja mwaka 1988, miaka miwili baada ya kuingia Kampala. Fikirieni siku hiyo: watu waliolala handaki moja wanapangwa upya kwa nyota, na mmoja anaanza kumpigia saluti mwenzake.

Hapo ndipo raia wengi wanachanganya: cheo ni kimoja, madaraka ni kingine. Cheo unakivaa begani na unalala nacho. Madaraka ni kiti, na kiti unaweza kuondolewa hata ukiwa umepanda. Mfano ambao Mganda yeyote anaukumbuka ni wa Oktoba 2022. Muhoozi Kainerugaba, luteni jenerali na kamanda wa majeshi ya nchi kavu, aliandika Twitter kwamba yeye na jeshi lake wangeiteka Nairobi ndani ya wiki mbili. Kenya ikachachamaa. Tarehe 4 akaondolewa ukamanda, na siku hiyohiyo akapandishwa kuwa jenerali kamili. Simu yangu haikupumzika: "Afande, huyu ameadhibiwa au amezawadiwa?" Rais aliwaomba Wakenya radhi, akaeleza kwamba mwanawe amekosea hapo ila ana mazuri mengine aliyoyafanya. Kwa jicho la karani, vilikuwa vitendo viwili kwenye karatasi mbili tofauti. Kwa jicho la sajini anayesubiri nafasi miaka tisa, sijui karatasi ngapi zingetosha kumweleza. Machi 2024 alirudi kwenye kiti, safari hii cha Mkuu wa Majeshi.

Medali ni habari nyingine, na kwangu ndiyo inayouma zaidi. Cheo kinaleta mshahara. Medali inaleta jina lako kusomwa kwa kipaza sauti, mara nyingi tarehe 6 Februari au siku ya Mashujaa, 9 Juni. Sheria ya nishani tunayoitumia ni ya 2001. Kwa hiyo mtu aliyejeruhiwa mwaka 1983 alisubiri kwanza sheria izaliwe, ndipo asubiri jina lake. Iko Kagera kwa waliopigana kumwondoa Amin, iko Luwero Triangle kwa wale wa msituni, na iko ya waliojeruhiwa, ambayo jina lake ni la Kiswahili, Damu. Kubwa kuliko zote za kijeshi ni Katonga, na Mwalimu Nyerere alipewa akiwa tayari kaburini.

Hapa mtaani kwetu kuna mzee mmoja, mguu wake wa kushoto haukunji. Alikaa jeshini hadi umri ukamtoa, na medali hajawahi kuipata. Aliponiletea makaratasi yake mwezi uliopita niliyatandaza mezani, nikaona ugonjwa dakika mbili tu: kwenye cheti cha kuachishwa jeshi jina lake la kati limeandikwa kwa "y", kwenye kitambulisho cha taifa kwa "i", na kwenye orodha aliyonakiliwa na mwenzake halimo kabisa. Namba, lakini, ni ileile kote. Nimempigia chapa barua, namba nimeiweka juu kabisa kwa herufi nene, kabla ya jina. Alhamisi tunapanda matatu ya asubuhi kuipeleka, na nimemwambia abebe picha ndogo nne, maana watataka mbili.