Somo la muziki si kipindi cha kupumzika

"Muziki ni wa waliolemewa na hesabu." Wazazi husema hivyo watoto wanapochagua masomo, na mimi huumia kila ninapolisikia. Keti kando ya mtahiniwa wa muziki wa KCSE, mtihani wa kitaifa wa kumaliza sekondari Kenya, kwenye karatasi ya pili, ile ya kusikiliza. Rekodi inapiga mdundo mfupi, kisha kimya, na penseli zinakimbia kabla sauti haijatoka masikioni. Kila noti ina muda wake, na kila kipimo, yaani fungu la mipigo kati ya mistari miwili ya wima, sharti kijae sawasawa. Nusu ya mpigo ikizidi, jibu limeharibika. Karatasi ya tatu inampa mwanzo wa wimbo aukamilishe hadi vipimo 16, na wimbo mwingine aupangie sauti nne. Hapo besi, sauti ya chini kabisa, ikitoka do kwenda re, na teno, sauti iliyo juu yake, ikitoka so kwenda la, zimefuatana kwa umbali uleule wa noti tano. Kwa kanuni za kupanga sauti, hilo ni kosa.

"Usipozaliwa na sauti tamu, usithubutu." Si kweli. Kwenye karatasi ya kwanza, ya vitendo, mtahiniwa huchagua: aimbe au apige ala. Na sikio hufunzwa. Imba do, kisha itafute so kichwani bila kupitia re, mi na fa kwa sauti. Mwanafunzi anayefanya zoezi hilo kila siku hubadilika, hata yule aliyeambiwa kanisani anyamaze.

"Wanafundishwa mambo ya Kizungu tu." Mtihani unauliza pia muziki wa Kiafrika, nao si mwepesi hata kidogo. Mtazame mpiga nyatiti wa Kiluo. Ameketi kwenye kigoda kifupi, vidole viko kwenye nyuzi 8, pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu inagonga ukingo wa ala, njuga zinalia mguuni, na juu ya hayo yote anaimba. Mtoto anayeweza kuandika midundo hiyo mmoja chini ya mwingine amefanya kazi ya kitaaluma, tena nzito.

Kuhusu kazi, nitasema kwa ufupi: kuna ualimu, studio za kurekodi na bendi za jeshi na polisi, na Chuo Kikuu cha Kenyatta na cha Maseno hufundisha muziki hadi shahada.

Dhana inayodanganya hata walimu wakuu ni hii: "Kwaya yetu hushinda, basi muziki tunafundisha." Tamasha la Muziki la Kenya lilianza mwaka 1927, nami nalipenda kwa dhati. Lakini kwaya inaweza kukaririshwa wimbo kwa miezi mitatu ikarudi na kombe bila mwanakwaya hata mmoja kusoma noti. Mzazi, usiulize habari za kombe. Omba mwanafunzi yeyote wa muziki apewe mistari miwili ya noti asizowahi kuziona, kisha usikilize akiimba.