Kibali cha kuingiza silaha: karatasi inayotangulia bunduki

Kibali cha kuingiza silaha ni ruhusa ya maandishi kutoka kwa serikali ya nchi ya mnunuzi, inayosema kwamba bunduki fulani, ya aina fulani na kaliba fulani (yaani kipimo cha mtutu na risasi zake), inaweza kuvuka mpaka na kukabidhiwa mtu fulani. Si leseni ya kumiliki. Leseni inakuhusu wewe, kwamba umechunguzwa na unaaminika kukaa na silaha. Kibali kinahusu chombo chenyewe na safari yake. Mtu anaweza kuwa na leseni halali ya miaka mingi na bunduki yake ikawa imefungiwa salama kwenye kasiki nyumbani, lakini akinunua ya pili Pretoria akafika nayo Tunduma bila kibali, pale mpakani anahesabika ameingiza silaha kinyume cha sheria. Leseni ya ile ya kwanza haitamsaidia.

Kinachowachanganya wengi ni mpangilio. Tumezoea kuagiza gari Japani: unalipa, linapakiwa melini, likifika Dar es Salaam au Mombasa ndipo unahangaika na ushuru na usajili. Bunduki inakwenda kinyumenyume. Ruhusa zinaanzia nyumbani, kisha ndipo chuma chenyewe kinaondoka dukani. Anayefuata njia ya gari atajikuta ana mali aliyoilipia ambayo haiwezi kutoka nchi iliyouzwa wala kuingia kwake.

Mpangilio huo haukubuniwa na ofisa mmoja mwenye roho mbaya. Itifaki ya Umoja wa Mataifa kuhusu silaha za moto, iliyopitishwa 31 Mei 2001 na kuanza kutumika 3 Julai 2005, inazitaka nchi wanachama zifanye hivyo. Kifungu chake cha 10 kinasema nchi inayouza isitoe ruhusa ya kusafirisha silaha mpaka ihakikishe nchi inayopokea imekwisha kutoa kibali cha kuingiza, na nchi ambazo shehena itapitia zimearifu kwa maandishi kwamba hazina pingamizi. Kwa ukanda wetu ipo pia Itifaki ya Nairobi, iliyotiwa saini 21 Aprili 2004 na nchi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika, Tanzania na Kenya zikiwemo. Sababu yake inajulikana kwa yeyote aliyeishi karibu na mipaka yetu: bunduki zilizotoka kwenye vita vya jirani zilikuwa zikivushwa na kuuzwa huku.

Kwa hiyo mnunuzi wa kawaida anahitaji ruhusa tatu, na wakati mwingine nne: ya kumiliki, ya kuingiza, ya nchi ya muuzaji kuitoa, na ya nchi ya kupitia kama ipo. Kila moja inategemea iliyotangulia. Ya nyumbani ndiyo ngumu.

Tanzania Bara suala hili linaongozwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya 1991. Maombi ya kumiliki hayaanzii makao makuu ya polisi. Yanaanzia kwenye serikali ya mtaa au kijiji unakoishi, kwa watu wanaokujua, yanapanda kata, wilaya na mkoa kupitia kamati za ulinzi na usalama, ndipo yanafika kwa msajili wa silaha. Ni safari ndefu na watu huilalamikia. Mimi naona hatua ya mtaa ndiyo yenye akili kuliko zote, kwa sababu mwenyekiti wa mtaa anajua nani hupiga mke wake na nani hulewa akatafuta ugomvi, mambo ambayo hayaonekani kwenye alama za vidole.

Hapo ndipo anayenunua nje ya nchi anakutana na fumbo dogo. Kibali kinataka maelezo ya silaha: mtengenezaji, modeli, kaliba, na mara nyingi namba iliyochongwa kwenye bunduki yenyewe. Utaipataje namba ya bunduki ambayo hujainunua? Jibu ni kuitenga, si kuinunua. Duka la nje linakuandikia proforma, yaani ankara ya awali, yenye namba hiyo, linaiweka bunduki kando kwa jina lako, nawe unalipa malipo ya awali. Hakikisha mmeandikiana kwamba kibali kikikataliwa fedha yako inarudi, na kwamba duka litasubiri miezi, si wiki. Maduka yaliyozoea wateja wa Afrika hayashangai ukiomba hivyo. Likishangaa, hilo si duka la kununulia.

Kenya njia ni nyingine lakini mantiki ni ileile: Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na bodi ya kutoa leseni za silaha ndio wenye neno. Mnunuzi wa huko akumbuke pia kwamba ruhusa si ya milele. Desemba 2018 Waziri wa Usalama wa Ndani, Fred Matiang'i, aliagiza raia wote wenye silaha wapigwe msasa upya ndani ya siku 90. Mtu ambaye bunduki yake ilikuwa bado haijasafirishwa wakati huo alikuwa na kazi mbili.

Sasa upande wa muuzaji. Ulaya, kanuni namba 258 ya mwaka 2012 ya Umoja wa Ulaya iliigeuza itifaki ile ya Umoja wa Mataifa kuwa masharti ya kila siku: ukinunua bunduki ya kuwindia Suhl ya Ujerumani, Ferlach ya Austria au Uherský Brod ya Ucheki, hakuna ruhusa ya kusafirisha bila mamlaka zao kuona kibali chako. Nchi ya kupitia inaulizwa, na isipojibu ndani ya siku 20 za kazi inahesabiwa haina pingamizi. Afrika Kusini ruhusa ya kutoa silaha nchini iko mikononi mwa polisi, chini ya sheria yao ya udhibiti wa silaha ya 2000.

Marekani inastahili kuelezwa kwa kirefu, maana huko ndiko ndugu zetu wengi wanakodanganyika. Mtanzania mwenye kadi ya ukaazi wa kudumu anaruhusiwa kununua bunduki kule karibu sawa na raia. Mwenye viza ya muda, ya masomo au ya matembezi, kwa kawaida haruhusiwi, isipokuwa kwa misamaha michache kama kuwa na leseni ya uwindaji ya jimbo. Lakini kununua si kusafirisha. Tangu 9 Machi 2020 bunduki za kawaida za raia zinasafirishwa kwa leseni ya Wizara ya Biashara ya Marekani, na kazi hiyo kwa mnunuzi wa nje hufanywa na wakala mwenye leseni, si na mteja mwenyewe. Ipo nafuu kwa raia na wakazi wa kudumu wanaosafiri na bunduki zao, zisizozidi tatu, kwa matumizi yao wenyewe na si za kuuza wala kumpa mtu. Hata hizo lazima zitangazwe kwa forodha wakati wa kuondoka. Kuitia bunduki ndani ya kontena la vyombo vya nyumbani, katikati ya makochi na friji, ni uhalifu katika nchi mbili kwa mpigo. Kwa upande wa Marekani peke yake, sheria ya 2018 ya kudhibiti mauzo ya nje inaruhusu kifungo cha hadi miaka 20.

Safari ya ndege ina taratibu zake, na hizi kwa bahati nzuri zinafanana karibu kote. Bunduki huwa haina risasi ndani, imefungwa kwenye sanduku gumu lenye kufuli, inatangazwa kaunta na kuingia kwenye mizigo ya chini. Risasi zinabaki kwenye vifungashio vyake na hazizidi kilo 5 kwa msafiri, na wawili hawawezi kuunganisha kilo zao katika boksi moja. Liulize shirika la ndege mapema kuhusu uwanja wa kubadilishia ndege, kwa sababu viwanja vingine vinataka ruhusa yao hata kama sanduku halitafunguliwa wala wewe hutatoka nje.

Ukifika nyumbani, forodha haiichukulii kama simu au kompyuta. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya 2004 inaziweka silaha na risasi, zote za Sura ya 93 ya orodha ya ushuru, kwenye bidhaa zenye masharti: bila ruhusa haziingii, na zikikamatwa hutaifishwa. Polisi wanalinganisha namba iliyoko kwenye mtutu na iliyoko kwenye kibali. Tarakimu moja ikikosewa na karani wa duka inatosha kuiacha bunduki ghalani kwao, kwa hiyo isome namba hiyo mwenyewe kabla sanduku halijafungwa kule ilikotoka. Halafu kodi, usajili, na alama: itifaki ya 2001 inataka silaha iliyoingizwa ichongwe alama ya nchi iliyoiingiza na, inapowezekana, mwaka.

Vipuri navyo vimo. Mtutu, fremu, komeo, silinda ya bastola na kiziba sauti vyote vinahesabiwa ndani ya itifaki hiyo, ingawa kipande kimoja hakiwezi kufyatua chochote. Anayeagiza mtutu mpya kwa posta akidhani ni bomba tu la chuma anajitafutia kesi. Na bunduki ya babu? Itifaki inaziacha silaha za kale, lakini kwa hali yoyote haiiti ya kale bunduki iliyotengenezwa baada ya 1899.

Je, inalipa? Kwa mtu anayetaka bunduki ya marisau ya kulinda shamba Morogoro, hapana. Duka la ndani lenye leseni limekwisha kubeba gharama na usumbufu huo, na bei yake ya juu ndiyo malipo ya usumbufu. Inaweza kulipa kwa mlengaji wa michezo, kwa mwenye kutumia mkono wa kushoto, au kwa mwongoza wawindaji anayetaka bunduki ya kaliba .375 ya kutegemewa mbele ya nyati.

Wawindaji wa kigeni wanaoonekana viwanja vya ndege na masanduku yao marefu hawapiti njia hii. Wao wana kibali cha muda, huombewa na kampuni inayowapokea, na bunduki waliyoingia nayo lazima waondoke nayo. Mgeni akimpenda mwenyeji wake kiasi cha kutaka kumwachia bunduki kama zawadi, kibali kile cha muda hakitoshi tena: mpokeaji anaanzia serikali ya mtaa kama mwombaji mwingine yeyote, na bunduki haikabidhiwi mpaka karatasi zake zitoke.